Mvinyo Uliobaki Huokolewa Wakati wa Kufungua Chupa

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wahudumu wa mezani, na nanyi nyote mnaopenda glasi ya mvinyo pamoja na chakula cha jioni, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie chupa iliyofunguliwa ikabaki nusu. Mada hii imenigusa, maana kuna jambo linaloniuma. Mvinyo mwingi mzuri huishia kumwagwa kwenye sinki, na mwingine hunywewa kwa kujilazimisha, eti usije ukaharibika. Mtu ametosheka kwa glasi mbili, lakini anajimiminia ya tatu na ya nne kwa kuihurumia chupa. Chupa ya mililita 750 ni glasi tano za mililita 150, na hakuna aliyeamuru zote ziishe usiku mmoja. Anayejua kuhifadhi kilichobaki ana uhuru wa kusimama anapotosheka, na mimi uhuru huo nauthamini kuliko hata mvinyo wenyewe.

Hoja yangu ni moja, nami naiweka wazi mapema: mvinyo uliobaki huokolewa chupa inapofunguliwa, si inapofungwa. Wengi wetu huanza kufikiria mabaki wageni wakishaaga, vyombo vinakusanywa, na chupa imekaa mezani wazi saa tatu au nne. Saa hiyo uharibifu umeshaanza, na kinachobaki ni kuupunguza kasi tu. Nataka niwaonyeshe kwa nini iko hivyo, kisha nieleze la kufanya.

Mharibifu ni oksijeni, ambayo ni kama asilimia 21 ya hewa tunayovuta. Ikiingia kwenye mvinyo haiendi moja kwa moja kwenye pombe. Kwanza hukutana na fenoli, yaani zile kemikali zitokazo kwenye ngozi na mbegu za zabibu, zinazoupa mvinyo mwekundu rangi yake na ule ukakasi unaoshika ulimi. Tanini ni miongoni mwake. Kwa msaada wa chembe kidogo sana za chuma na shaba zilizomo ndani ya mvinyo, hapo huzaliwa haidrojeni peroksaidi, kemikali kali, na mwisho wa mlolongo huo sehemu ya pombe hugeuka asetaldehaidi. Harufu yake mnaijua: ni ile ya tofaa lililokatwa likaachwa hewani mpaka likawa la kahawia. Wakati huohuo manukato ya matunda yanafifia. Mvinyo mweupe unakolea kuelekea rangi ya dhahabu na kisha kahawia. Mwekundu unapoteza mng'ao wake na kuelekea rangi ya tofali.

Kuna njia ya pili ya uharibifu, nayo ni ya polepole zaidi: bakteria wa siki. Hawa nao wanahitaji hewa ili waishi, na kazi yao ni kuigeuza pombe kuwa asidi ya asetiki. Mara nyingi mtu akionja mvinyo wa jana na kusema umekuwa siki, bado haujafika huko. Alichokionja ni ile asetaldehaidi na ubapa wa matunda yaliyokufa. Siki yenyewe huja baadaye, hasa chupa ikiachwa kwenye joto.

Haya si maarifa mapya. Mwaka 1863 Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, alimtaka Louis Pasteur achunguze kwa nini mvinyo wa nchi yake ulikuwa ukiharibika. Katika kazi hiyo Pasteur alitia mvinyo kwenye mirija ya kioo na kuiziba, mingine ikiwa imejaa pomoni, mingine ikiwa na mvinyo nusu na hewa nusu. Ile iliyojaa ilitunza rangi yake. Ile yenye hewa ilibadilika na kuzeeka haraka. Kwangu mimi jaribio hilo lina somo zima la leo ndani yake. Mirija yote ilizibwa vizuri. Kilichotofautisha ni nafasi iliyoachwa juu ya mvinyo.

Basi tupige hesabu ya chupa yetu. Ukinywa nusu ukarudisha kizibo, juu ya mililita 375 za mvinyo kumebaki mililita 375 za hewa. Ndani ya hewa hiyo mna oksijeni karibu mililita 79, ambayo kwa uzito ni kama miligramu 105. Mvinyo wenye joto la nyuzi 20 huweza kuyeyusha takriban miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita, maana yake mvinyo wako huo uliobaki hushiba kwa miligramu 3. Ukishaitumia hiyo katika ule mlolongo nilioueleza, unachota nyingine kutoka juu, kisha nyingine tena. Kwa hesabu hiyo, chupa uliyoifunga kwa kizibo imefungiwa ndani pamoja na oksijeni ya kuushibisha mvinyo zaidi ya mara thelathini. Kizibo kinazuia hewa mpya isiingie, lakini ile iliyokwisha kuingia kinaifungia humohumo na mvinyo.

Sasa chukueni chupa ndogo ya mililita 375. Ijazeni mpaka nafasi iliyobaki chini ya kizibo iwe mililita 5 tu. Oksijeni iliyopo hapo ni kama mililita moja, yaani chini ya miligramu moja na nusu. Kutoka 105 mpaka chini ya moja na nusu! Mashine sijaitaja bado, wala gesi; ni chupa ndogo tu.

Namna ya kuifanya kazi hii inahitaji uangalifu, kwa hiyo niruhusuni nikae hapa kidogo. Chupa ndogo ioshwe kwa maji ya moto, isuuzwe mpaka harufu ya sabuni iishe kabisa, kisha ipinduliwe ikauke. Ikiwa na kifuniko cha kuzungusha ni bora zaidi, kwa sababu kinarudi mahali pake bila shida na kinabana vizuri. Jioni ikifika, unajua kabisa kwamba mko wawili na hamtamaliza chupa. Fungua chupa kubwa, na kabla hujammiminia mtu yeyote, jaza kwanza ile ndogo. Shika faneli, au kama huna, inamisha chupa zote mbili ili mvinyo uteleze ubavuni mwa kioo badala ya kuanguka katikati na kutoa povu. Kila povu ni hewa inayochanganywa ndani. Ukifika shingoni, punguza kasi. Shingo ni nyembamba, inajaa ghafla. Endelea mpaka mvinyo ukaribie mdomo, ukiacha upana wa kidole kimoja hivi kwa ajili ya kizibo. Funga, bandika kipande cha karatasi chenye tarehe, weka kwenye friji. Sasa karibisheni wageni.

Tazameni pia ile shingo yenyewe. Kwenye chupa iliyojaa mpaka shingoni, uso wa mvinyo unaogusana na hewa ni mdogo kuliko sarafu nyingi. Mvinyo ukishuka chini ya bega la chupa, uso huo unapanuka mara nyingi zaidi. Ukiilaza chupa iliyobaki nusu, unapanuka tena. Ndiyo maana chupa iliyofunguliwa husimamishwa, hata kama kabla ya kufunguliwa ilikuwa imelazwa ili kizibo chake kisikauke.

Nimesema jazeni kabla ya kumimina, na kuna anayejiuliza kwa nini asisubiri mwisho wa chakula. Kila tunapoinamisha chupa kumimina, mvinyo unatoka na hewa inaingia kwa kububujika kuchukua nafasi yake. Mvinyo unatikisika, unarudi, unatikisika tena. Baada ya saa tatu mezani umeshachota sehemu nzuri ya oksijeni, na kuuhamishia kwenye chupa ndogo hakutaiondoa. Kuhamisha usiku sana ni bora kuliko kutohamisha, hilo nalikubali, lakini mvinyo uliotengwa mwanzoni na uliotengwa mwishoni havifanani siku ya nne.

Hapa huwa naulizwa swali la haki: mbona tunaambiwa mvinyo mwekundu uachwe upumue? Ni kweli kwamba mvinyo mchanga wenye tanini nyingi unaweza kufunguka na kulainika ukikaa wazi saa moja au mbili, na harufu nyingine zisizopendeza huondoka. Lakini huko kupumua na huku kuharibika ni safari moja. Tofauti ni mahali unapoteremka. Usiku wa leo hewa inaweza kukusaidia. Kuanzia hapo inakuondolea tu.

Baada ya nafasi ya hewa, msaada mkubwa wa pili ni baridi. Mabadiliko mengi ya kikemia hupungua kasi karibu nusu joto likishuka nyuzi 10, na bakteria nao hudhoofika. Kutoka chumba cha nyuzi 25 kwenda kwenye friji ya nyuzi 4 ni zaidi ya mara mbili ya kushuka huko. Mvinyo baridi huyeyusha oksijeni zaidi kidogo, hilo ni kweli, lakini faida ya baridi inaifunika hasara hiyo.

Na friji ni kwa mvinyo wote. Nalisisitiza hili kwa sababu bado nakutana na watu waungwana, wenye uzoefu, wanaouacha mwekundu uliofunguliwa kabatini kwa kuwa wamefundishwa kwamba mwekundu hauwekwi kwenye baridi. Mafunzo hayo yanahusu kuuandaa kwa kunywa. Kuuhifadhi ni habari nyingine. Mwekundu ukae kwenye friji, kisha utolewe nusu saa hadi saa moja kabla ya kunywewa, na ukifika nyuzi 16 au 18 hakuna atakayejua ulilala wapi. Friji pia inauficha mvinyo na mwanga, ambao huudhuru hasa mvinyo mweupe ulio katika chupa isiyo na rangi.

Kuhusu kizibo cha koki, kile cha gome la mti, kuna kosa dogo ambalo huonekana kila mahali. Kikishatoka, upande uliokuwa ndani umelowa na kuvimba, hauingii tena kirahisi, basi mtu anakigeuza na kusukuma ule upande mkavu wa juu. Upande huo ndio uliokaa na vumbi, pengine na ukungu, chini ya karatasi ya shingo. Rudisheni upande uleule uliokuwa ukigusa mvinyo, mkikizungusha taratibu huku mkisukuma. Kikikataa, tumieni kizibo cha mpira.

Mtaniuliza: utadumu siku ngapi? Inategemea ni mvinyo gani, na hapa siwezi kuwapa namba moja. Mweupe mwepesi na ule wa rangi ya waridi, yaani rosé, ukifungwa na kuwekwa kwenye friji ukiwa kwenye chupa yake kubwa, kwa kawaida hunyweka kwa siku tatu hadi tano. Mwekundu ni siku mbili hadi nne, na ule wenye tanini nyingi huweza kusogea hadi tano, kwa sababu tanini zenyewe hupokea kipigo cha oksijeni kwa niaba ya vingine. Kwenye chupa ndogo iliyojaa, wiki nzima ni matarajio ya kawaida. Mvinyo mtamu wa kumalizia chakula huvumilia zaidi, maana sukari inasitiri mengi na mara nyingi umetiwa salfa dayoksaidi ya kutosha. Salfa hiyo ndiyo mlinzi ambaye watengenezaji wamemtegemea kwa muda mrefu: huidhibiti haidrojeni peroksaidi kabla haijafika kwenye pombe, na huifunga asetaldehaidi isinuke. Kwa hiyo mvinyo uliotengenezwa bila kuongezwa salfa unahitaji haraka na uangalifu wa ziada. Mvinyo mkongwe, uliokaa kwenye chupa miaka ishirini au thelathini, msiuweke kiporo kamwe. Aliyeufungua aite watu.

Upande wa pili kabisa iko mivinyo iliyoongezewa pombe, kama Sherry, Port na Madeira. Sherry ya aina ya fino, ile nyepesi isiyo tamu, ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani, nayo inataka friji na imalizwe ndani ya wiki moja hivi. Port ya tawny, iliyozeeshwa kwenye mapipa, hukaa wiki kadhaa kwa raha. Madeira ndiyo bingwa. Katika kutengenezwa kwake hupitishwa makusudi kwenye joto na hewa, na kile ambacho kingeua mvinyo mwingine kimeshafanyika, hivyo chupa iliyofunguliwa huweza kukaa miezi. Mtu anayeishi peke yake na anayependa glasi moja ndogo mara mojamoja, mimi humwelekeza huko bila kusita.

Sasa vifaa. Pampu ya mkono ya kunyonya hewa ndiyo inayopatikana kwa wingi, na wengi wenu mnayo. Inasaidia, ila kiasi. Tuseme imenyonya robo tatu ya hewa kwenye ile chupa yetu ya nusu: bado kumebaki oksijeni kama miligramu 26, mara nyingi ya ile iliyomo kwenye chupa ndogo iliyojaa. Isitoshe, vizibo vyake vya mpira huanza kuachia hewa iingie kidogo kidogo. Itumieni kama hamna chupa ndogo, na msiitumie hata siku moja kwenye mvinyo wa mapovu, kwa maana mtayanyonya mapovu yenyewe.

Gesi ni bora. Argoni ni nzito kuliko hewa na haiungani na kitu chochote ndani ya mvinyo. Ikipulizwa taratibu kwenye chupa huisukuma hewa itoke, na kizibo kikirudishwa mara moja mvinyo unabaki chini ya gesi isiyoudhuru. Neno ni taratibu, kwa sababu ukipuliza kwa nguvu unaichanganya na hewa uliyotaka kuitoa. Kifaa cha Coravin, kilichoingia sokoni mwaka 2013 kwa ubunifu wa Greg Lambrecht, kimekwenda mbali zaidi: sindano nyembamba hupita katikati ya koki, argoni inaingia, mvinyo unatoka, na koki inajifunga yenyewe sindano ikitolewa. Chupa haijafunguliwa kabisa. Kwa nyumba ya chakula inayouza mvinyo wa gharama kwa glasi, ni kifaa cha maana. Kwa nyumbani, chupa ndogo na friji vinatosha watu wengi.

Asiye na chupa ndogo wala pampu anaweza kutumia gololi za kioo. Zioshwe vizuri, zichemshwe, zidumbukizwe moja moja chupa ikiwa imeinamishwa ili zisivunje kitako, mpaka mvinyo upande shingoni. Kanuni ni ileile. Ni kazi kuzitoa baadaye, lakini mvinyo utakushukuru.

Mvinyo wa boksi nao ni dawa ya tatizo hilihili. Mwaka 1965 Thomas Angove, mtengenezaji wa mvinyo wa Australia Kusini, alipata hataza ya mfuko wa plastiki ndani ya boksi. Mfuko huo hunywea kadiri mvinyo unavyopungua, hivyo hakuna nafasi ya hewa kuingia. Ndiyo sababu boksi lililofunguliwa hukaa hadi wiki nne au zaidi. Wapo wanaolidharau, mimi nasema wale wanaokunywa glasi moja kwa jioni wamepewa hapo chombo kinachowafaa kuliko chupa.

Kwenye shampeni na mvinyo mwingine wa mapovu kinachokimbia ni gesi. Ndani ya chupa ya shampeni mna mgandamizo wa angahewa tano hadi sita, na ukifunguliwa kaboni dayoksaidi inaanza kuondoka. Nunueni kizibo maalumu chenye vibanio vinavyoshika mdomo wa chupa, kifungwe mara baada ya kila kumimina, na chupa irudi kwenye baridi, kwani kimiminika baridi hushikilia gesi vizuri zaidi. Siku moja, mbili, pengine tatu. Na kile kijiko cha fedha kinachoning'inizwa shingoni? Mwaka 1994 Richard Zare, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Stanford, alikifanyia jaribio pamoja na waonjaji, na kijiko hakikuonyesha faida yoyote. Kirudisheni kwenye droo.

Nimalizie na mvinyo uliokwisha kupita. Mvinyo uliokaa sana hewani haukudhuru kwa kuonja. Pombe na uchachu wake haviwapi nafasi vijidudu vya maradhi. Basi mimineni kidogo, mtazame rangi, mnuse, muonje. Ukiwa umechoka tu, bila ukali wa siki, unafaa jikoni, na njia rahisi ni kuugandisha kwenye trei ya barafu. Mvinyo wa kawaida huganda kwenye nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, na friza ya nyumbani inafika hapo bila shida. Msigandishe kwenye chupa ya kioo iliyojaa, kwa sababu hutanuka na chupa hupasuka. Mkiona chembe ndogo kama fuwele chini ya kipande, ni chumvi ya asili ya zabibu iliyojitenga kwa baridi, wala haina madhara. Vipande viwili vitatu vikitupwa kwenye sufuria ya mchuzi unaochemka, vinayeyuka na kufanya kazi yake.

Ukishashika harufu ya siki iliyo wazi, acheni kuupikia na muamue kutengeneza siki kweli. Mvinyo uzimuliwe kwa maji mpaka pombe ishuke kwenye asilimia 8 hivi, utiwe siki hai isiyochujwa yenye bakteria wake, uwekwe kwenye chombo chenye mdomo mpana kilichofunikwa kwa kitambaa, sehemu yenye joto. Hapo, kwa mara ya kwanza leo, nawaambia muiachie hewa iingie.

Asanteni kwa kunisikiliza. Chupa ndogo na faneli ziko hapa mezani kwa anayetaka kujaribu kujaza, na maswali nayapokea kuanzia sasa.